Kupima protini isiyo na umbo thabiti kwa spektrometa ya masi: mwongozo kamili

Protini nyingi zikishatengenezwa hujikunja na kutulia katika umbo moja. Zipo nyingine ambazo hazitulii. Mnyororo wake hunyooka, hujikusanya, hugusana hapa na kuachana pale ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na bado zina kazi yake mwilini. Alfa-sinukleini, ambayo marundo yake hukutwa katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, ni mojawapo. Tau, inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, ni nyingine. Hata p53, inayoikinga seli dhidi ya saratani, ina ncha zisizo na umbo thabiti pande zote mbili za kiini chake kilichokunjika.

Protini za aina hii hazikubali kutengeneza fuwele, na njia nyingi za kuzipima hutoa wastani wa maumbo yote kwa pamoja. Katika spektrometa ya masi, mashine inayopima masi ya molekuli zenye chaji, molekuli huingia zikiwa zimetengana, kila moja na chaji zake na ukubwa wake. Iliyojikusanya na iliyonyooka huonekana katika spektra ileile. Kwa hiyo unachokitafuta hapa ni mtawanyiko wa maumbo, na usijaribu kulazimisha umbo moja. Kila hatua inayofuata, kuanzia chumvi ya sampuli hadi hesabu za mwisho, nitaipima kwa swali moja: je, inaulinda mtawanyiko huo au inaubadilisha bila wewe kujua?

Mfano nitakaoutumia ni alfa-sinukleini ya binadamu. Ina asidi amino 140 na masi ya daltoni 14,460 hivi, haina sisteini wala triptofani, na imepimwa kwa karibu kila njia iliyopo, kwa hiyo ni rahisi kujua kama umepotoka.

Anza na swali, kisha mfuatano

Njia za spektrometria ya masi hazijibu swali moja. Ukitaka kujua mnyororo mzima umenyooka kiasi gani, tumia unyunyizaji wa hali asilia, yaani kuinyunyiza protini kwenye mashine bila kuvuruga umbo lake, pamoja na kipimo cha mwendo wa ioni. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya mnyororo inayojikinga protini inaposhikana na kitu kingine, tumia ubadilishanaji wa hidrojeni na deuteri, yaani hidrojeni nzito. Ukitaka kujua ni sehemu zipi zinazokaribiana, tumia kemikali za kuunganisha. Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kuweka nafasi kwenye mashine. Mtu akianza na mashine iliyopo kisha akatafuta swali la kuilisha, mara nyingi huishia na spektra nzuri isiyojibu kitu.

Kisha soma mfuatano wa protini. Hifadhidata ya DisProt inakusanya maeneo yasiyo na umbo yaliyothibitishwa kwa majaribio, na programu ya IUPred hukadiria maeneo hayo kutokana na mfuatano peke yake. AlphaFold, programu inayotabiri muundo wa protini, pia inasaidia, lakini soma alama zake za uhakika kabla ya kutazama picha. Eneo lenye alama chini ya 50 mara nyingi ni eneo lisilo na umbo thabiti, na mstari uliochorwa pale usiuchukue kama muundo. Nimeona watu wakipima umbali kati ya asidi amino mbili kwenye mstari wa namna hiyo na kuujengea hoja nzima. Umbali huo hauna maana yoyote.

Katika kusoma mfuatano, hesabu vitu vitakavyokuhusu baadaye. Alfa-sinukleini ina laisini 15, na ya mwisho iko nafasi ya 102. Ina prolini 5, methionini 4 na tairosini 4. Mkia wake, kuanzia nafasi ya 96 hivi hadi 140, umejaa asidi zenye chaji hasi. Kila moja ya namba hizi itarudi.

Sampuli

Hapa ndipo majaribio mengi huharibikia, kwa hiyo usiharakishe.

Protini isiyo na umbo ina kipaji kimoja: nyingi huvumilia joto. Alfa-sinukleini iliyotengenezwa ndani ya bakteria inaweza kuchemshwa karibu nyuzijoto 95 za Selsiasi, protini nyingine nyingi zikaganda na kuzama, yenyewe ikabaki kwenye mmumunyo. Fuatisha safu ya kubadilishana ioni, kisha safu ya kutenganisha kwa ukubwa. Usishtuke protini ikitoka mapema kana kwamba ni kubwa mara kadhaa kuliko ilivyo. Mnyororo ulionyooka huchukua nafasi kubwa. Kwenye jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa ukubwa, nayo hukimbia polepole kuliko masi yake inavyostahili. Jeli isiwe kipimo chako cha masi.

Udhaifu wake ni kwamba vimeng'enya vya kukata protini huitafuna kwa urahisi, hasa kwenye ncha. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, pima masi kamili katika mmumunyo unaokunjua kila kitu: asetonitraili asilimia 50 na asidi ya fomiki asilimia 0.1. Unatarajia daltoni 14,460. Ukiona 14,476, methionini moja imeoksidishwa. Ukiona 14,502, ncha ya mwanzo ina kundi la asetili, kama ilivyo kwa kawaida kwenye seli za binadamu. Protini inayotoka kwenye bakteria wa kawaida huwa haina kundi hilo, na kwa kuwa ncha ya mwanzo ndiyo inayoshika utando wa seli, tofauti hii si ya kupuuzwa. Ukiona vilele vya masi ndogo zaidi, mkia umekatwa. Rudi nyuma usafishe upya.

Kwa sababu haina triptofani, ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 280 ni hafifu. Tumia tairosini nne: 4 × 1,490 ni 5,960 kwa mola kwa sentimita. Pima ukolezi baada ya kupitisha sampuli kwenye safu ya ukubwa, siku hiyohiyo ya jaribio, ili marundo madogo yaliyokwisha kuanza yasiingie kwenye mashine.

Sasa badilisha bafa, yaani mmumunyo unaoshikilia pH. Fosfati, chumvi ya kawaida, gliseroli na sabuni zote hushikamana na ioni au huzima ishara. Hamishia protini kwenye amoni asetati, ambayo hugeuka mvuke hewani, kwa kupitisha kwenye safu ndogo ya kuondolea chumvi mara mbili. Mara moja mara nyingi haitoshi, na utaiona sodiamu iliyobaki kama ngazi za daltoni 22 upande wa kulia wa kila kilele. Ukolezi wa protini wa maikromola 5 hadi 20 unafaa.

Mambo mawili kuhusu amoni asetati. Kwanza, karibu na pH 7 haishikilii pH kwa nguvu, kwa maana uwezo wake uko karibu na 4.75 na 9.25. Pima pH mwenyewe, usitegemee kibandiko cha chupa. Pili, wingi wa chumvi wenyewe hubadilisha mnyororo. Chaji za mkia na chaji za ncha ya mwanzo huvutana, na chumvi hufifisha mvutano huo. Kwa protini iliyokunjika vizuri unaweza kuchagua milimola 200 na kusahau. Kwa hii, pima kwenye milimola 10, 50 na 200, kisha uripoti zote.

Kunyunyiza bila kuvuruga

Tumia nanoelektrosprei, kinyunyizi cha matone madogo sana kwa umeme, yenye sindano ya kioo iliyopakwa dhahabu, tundu la maikromita chache. Matone yake ni madogo, hukauka upesi, na hayahitaji joto kali. Anza na volti 900 hivi, ongeza taratibu mpaka unyunyizaji utulie, kisha usiongeze tena. Joto la chanzo liwe chini na nishati ya migongano iwe ndogo kadiri ishara inavyoruhusu.

Kila siku ya kipimo, tanguliza protini iliyokunjika yenye masi ya karibu. Lisozaimu ya ute wa yai ina daltoni 14,305, karibu sawa kabisa na yetu. Kuna kanuni ya makadirio: protini ya mviringo ikinyunyizwa katika hali asilia hubeba chaji zisizozidi sana 0.078 mara kipeuo cha pili cha masi yake. Kwa masi hizi zote mbili jibu ni kama 9. Lisozaimu itakupa vilele vichache karibu na chaji 7 hadi 9. Ikileta chaji nyingi zaidi, mashine yako au bafa yako inakunjua protini, na hakuna unachoweza kusema kuhusu alfa-sinukleini siku hiyo.

Alfa-sinukleini yenyewe itatoa msururu mrefu. Kilele cha chaji 8 kitakuwa karibu na 1,808.5 kwenye mhimili wa masi kwa chaji, na cha chaji 15 karibu na 965.0. Kuwepo kwa chaji chache na chaji nyingi katika spektra moja ndiyo alama ya kwanza ya mnyororo usiotulia.

Hapo pana mtego usiosemwa vya kutosha. Mashine hazipitishi ioni zote kwa usawa. Ukiirekebisha ili ipendelee upande wa juu wa mhimili, kama wengi wafanyavyo kwa protini kubwa za hali asilia, utakuwa umezinyima njia zile ioni zilizonyooka, nawe utadhani protini imejikusanya. Weka dirisha kuanzia 500 hadi 4,000, pima mchanganyiko unaojulikana unaojaza pande zote mbili, na usiguse marekebisho hayo hadi mfululizo mzima wa majaribio uishe.

Na usisome urefu wa vilele kama sensa ya maumbo ndani ya mmumunyo. Mnyororo ulionyooka hutoka kwenye tone kwa namna tofauti na protini ya mviringo. Lars Konermann na wenzake wameeleza jinsi mnyororo unavyoweza kusukumwa nje ya tone ncha kwa ncha, ukibeba chaji nyingi njiani, ilhali protini ya mviringo hubaki ndani hadi tone likauke. Njia hizo mbili hazina ufanisi sawa. Kinachoaminika ni mabadiliko: shikilia mipangilio yote, badilisha kitu kimoja, tazama msururu unavyosogea. Ongeza spemini, molekuli ndogo yenye chaji chanya, kwa mfano, na vilele vya chaji chache hupata nguvu, kwa kuwa mnyororo hujikusanya kuizunguka. Ongeza shaba, na kila ioni ya shaba iliyoshikwa itaongeza daltoni 61.5 hivi, yaani masi ya shaba ukitoa hidrojeni mbili. Hapo unaweza kutazama msururu wa protini yenye shaba peke yake, ukaulinganisha na wa isiyo nayo, ndani ya sampuli moja. Ni vipimo vichache vingine vinavyokupa hilo.

Mwendo wa ioni

Chaji inakupa dokezo la ukubwa. Mwendo wa ioni unaupima. Ioni husukumwa na umeme ndani ya gesi ya heli au naitrojeni. Iliyonyooka hugongana na gesi mara nyingi zaidi, hivyo huchelewa. Kutokana na muda huo hupatikana eneo la mgongano, yaani ukubwa wa ioni kama gesi inavyoukuta.

Bomba lenye uga wa umeme usiobadilika hutoa eneo hilo moja kwa moja. Mashine za mawimbi yanayosafiri zinahitaji kusawazishwa kwa protini ambazo eneo lake linajulikana, zipimwe kwa mipangilio ileile, na utaje gesi iliyotumika. Namba za heli na za naitrojeni hazilinganishwi hivihivi.

Chora mtawanyiko wa eneo la mgongano kwa kila chaji peke yake, kisha uujumlishe kwa uzito wa nguvu ya kila kilele. Kundi la Perdita Barran limeonyesha kuwa upana wa chaji na upana wa eneo la mgongano vikisomwa pamoja hutenganisha protini zilizokunjika na zisizo na umbo. Kwa alfa-sinukleini, chaji za chini zitakuwa na umbo dogo, za juu zitakuwa zimenyooka, na katikati utaona vilele vipana au zaidi ya kimoja kwa chaji ileile. Vilele hivyo vya katikati ndivyo vyenye habari nyingi zaidi. Usivilainishe kwa programu mpaka vikawa kimoja.

Kisha pandisha nishati ya migongano hatua kwa hatua. Umbo dogo likianza kufunguka kwenye nishati ndogo tu, basi lilishikiliwa kwa nguvu hafifu, na huenda mipangilio yako ya kawaida tayari ilikuwa imelivuruga. Upande wa pili nao upo: bila maji, mnyororo wenye chaji chache hujikumbatia na kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa kwenye mmumunyo. Kwa sababu hiyo eneo la mgongano la chaji za chini kabisa nalichukulia kama mpaka wa chini, na ningependa liwekwe kando ya kipimo cha mtawanyiko wa eksirei kabla ya kuandikwa kama tabia ya protini.

Deuteri

Hidrojeni iliyo kwenye kila kiungo cha mnyororo hubadilishana na maji. Ukiweka protini kwenye maji mazito, deuteri huingia na masi hupanda. Hidrojeni iliyofungwa ndani ya umbo huchelewa. Alfa-sinukleini ina hidrojeni 134 za aina hii: 140, toa ya ncha ya mwanzo, toa prolini 5 ambazo hazina hidrojeni hiyo.

Tatizo ni kasi. Kwenye pH 7 na joto la chumba, hidrojeni isiyo na kinga hubadilishwa ndani ya sekunde moja au pungufu. Ukifuata ratiba ya kawaida inayoanza sekunde 10, protini yako itakuwa imejaa deuteri kabla ya kipimo cha kwanza, na grafu itakuwa mstari bapa usiosema lolote. Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kifaa cha kuchanganya kwa haraka kinachofika milisekunde. Ya pili ni kupunguza kasi yenyewe: kila pH ikishuka kwa kipimo kimoja, kasi hupungua mara 10, na kila joto likishuka nyuzi 10, hupungua mara 3 hivi. Kutoka pH 7.4 hadi 5.4 unapata mara 100. Lakini kumbuka swali letu la mtawanyiko. Alfa-sinukleini hujikusanya zaidi pH inaposhuka kuelekea 3, mkia unapopoteza chaji zake. Ukitumia njia hii, pima kwenye pH mbili, sahihisha muda kwa tofauti ya kasi, na uhakikishe mikondo inalaliana. Kwenye maji mazito ongeza 0.4 kwenye namba ya kipima pH.

Zima mmenyuko kwa kushusha hadi pH 2.5 na nyuzijoto 0, ambako kasi ya kubadilishana ni ndogo kabisa. Kata kwa kimeng'enya cha pepsini, tenganisha peptidi kwa dakika chache kwenye baridi hiyohiyo, pima. Deuteri fulani itapotea njiani, kwa hiyo unahitaji sampuli mbili za kulinganisha: isiyo na deuteri kabisa, na iliyojaa kabisa. Bila ya pili huwezi kujua kama peptidi ya mkia imepoteza zaidi kuliko ya mwanzo.

Linganisha kasi uliyopata na kasi inayokokotolewa kwa mnyororo usio na kinga yoyote, kwa kanuni zilizochapishwa mwaka 1993 na maabara ya Walter Englander. Alfa-sinukleini ikiwa peke yake itakuwa karibu nayo. Ongeza vilengelenge vya mafuta vyenye chaji hasi, na sehemu kubwa ya nusu ya kwanza itachelewa, kwa kuwa inajikunja kuwa helisi juu ya utando, huku mkia ukibaki huru. Usitoe tu wastani wa masi ya kila peptidi. Fungua kundi la vilele vya isotopu ulitazame. Likiwa na nundu mbili, moja nyepesi na moja nzito, una makundi mawili ya molekuli, zilizoshika utando na ambazo hazijashika. Wastani ungekuambia kwamba zote zimeshika nusunusu.

Kemikali za kuunganisha

BS3 hufunga laisini mbili zilizo karibu na kuongeza daltoni 138.07. Ikishika upande mmoja tu na mwingine ukamalizwa na maji, huongeza 156.08. Urefu wake ni angstromu 11.4, na ukijumlisha mikono ya laisini, watu hukubali umbali wa hadi 30 hivi kati ya atomi kuu za kaboni.

Kwa protini hii BS3 ina upofu mkubwa. Laisini ya mwisho iko 102, kwa hiyo asidi amino 38 za mkia zinazofuata hazionekani, na kimeng'enya cha tripsini nacho huziacha kama peptidi moja ndefu. Mkia ndio unaosemwa kugusana na ncha ya mwanzo, sasa utathibitishaje? Ongeza kemikali inayofunga asidi na laisini, kama EDC, na ukate kwa kimeng'enya cha Glu-C kinachokata baada ya glutamati. Hapo mkia utaonekana.

Tumia ukolezi mdogo wa protini na muda mfupi. Mnyororo unaocheza utapita kila mahali ukiupa muda, na kiungo kikishafungwa huuvuta mnyororo uelekee viungo vingine. Ukizidisha, unachora ramani ya kemikali yako. Baada ya mmenyuko, tenga molekuli mojamoja na zile zilizounganika mbili kwa safu ya ukubwa au jeli, maana peptidi peke yake haikuambii kama laisini mbili zilikuwa kwenye mnyororo mmoja.

Kuunganisha matokeo

Tengeneza kwa kompyuta maelfu ya maumbo yanayowezekana, kisha yape uzito hadi kundi zima likubaliane na vipimo. Kila kiungo cha BS3 kinadai kwamba baadhi ya maumbo yawe na umbali huo. Ukikilazimisha kwenye kila umbo utapata bonge dogo ambalo halikuwahi kuwepo. Acha kipimo kimoja nje ya hesabu, eksirei au sumaku ya nyuklia (NMR), kisha uone kama kundi lako linakitabiri.

Mara nyingi deuteri itasema hakuna kinga popote, wakati viungo vya kemikali vinaonyesha mkia ukiigusa ncha ya mwanzo. Usiitupe data ya upande wowote. Deuteri huona vifungo vya hidrojeni vinavyodumu kwenye mnyororo mkuu. Chaji mbili zinaweza kukaribiana kwa muda mfupi bila kufunga hata kimoja, na kemikali ikazikuta hapohapo. Kama una leza, oksidisha kwa njia ya FPOP, inayotumia peroksidi ya hidrojeni na mwale wa nanomita 248. Hii hupiga minyororo ya pembeni ndani ya maikrosekunde, na mara nyingi huamua ubishi wa aina hii.

Ukimaliza, pakia faili ghafi za peptidi kwenye hifadhidata ya PRIDE na kundi la maumbo kwenye Protein Ensemble Database. Ambatisha volti, joto la chanzo, gesi, nguvu ya chumvi, pH uliyoipima mwenyewe, na spektra ya lisozaimu ya siku hiyo.